Tiketi ya Baiskeli Shingoni kwa Mama

Jinzi mpya ina harufu ambayo wanunuzi hawaijui, kwa sababu wao wanaikuta imeshaning'inizwa dukani, imepigwa upepo na kushikwashikwa. Harufu yenyewe hutoka mara moja tu, pale unapokata kamba za robota lililobanwa kiwandani na kukaa baharini ndani ya kontena: rangi ya bluu, wanga, na kitu kinachokaribia mafuta ya taa. Juzi nilikuwa Makambako kumsaidia mama kupanga duka, maana magoti yake siku hizi hayataki kuinama. Nilikata kamba, harufu ikanijaa puani, nikajikuta tena mtoto, nimekaa juu ya marobota kwenye chumba cha Guangzhou, nasubiri kuambiwa kama leo natoka au sitoki.

Mama alinitazama. "Umekumbuka kule," akasema. Nikamwambia ndiyo. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari mmoja na kalenda, ilikuwa imening'inia ile tiketi yake ndani ya kifuko cha plastiki kilichogeuka njano. Wateja wakimuuliza ni ya nini, huwajibu kwamba aliwahi kwenda kutazama mbio za baiskeli China. Wanacheka, na yeye anacheka nao.

Watu wa rika langu wakikumbuka utoto wanakumbuka kombolela na rede. Mimi nakumbuka ngazi zenye unyevu, nguo za majirani zikitutonea maji kichwani, na mikokoteni ya vitambaa ikipiga honi tangu alfajiri. Tuliishi nyuma ya soko la vitambaa la Zhongda, kwenye majengo yaliyosogeleana kiasi kwamba jirani wa ng'ambo angeweza kukupa chumvi kupitia dirishani. Nilifikia huko kwa sababu bibi aliyekuwa akinilea alifariki. Baba alikuwa ametangulia zamani, sura yake naijua kwa picha tu. Mama, aliyekuwa tayari huko kibiashara, alirudi kuzika, akauza shamba alilorithi, akanichukua pamoja na sanduku lake.

Chumba kilikuwa kimoja na tulikaa watatu. Wa tatu alikuwa Mama Tusa, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Tukuyu, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Yeye alinunua hapo hapo Zhongda. Mama alishughulika na jinzi, na kwa hiyo mara kwa mara alikwenda Xintang, kwenye viwanda, kuangalia kama zipu zinafungika na kama mishono haijapinda. Alirudi na vidole vya bluu. Mimi nilidhani akina mama wote wanaofanya kazi wana vidole vya bluu.

Mwaka ule mji ulikuwa unajiandaa kwa michezo mikubwa ya bara la Asia. Kuta zilipakwa rangi, hata zile zilizotakiwa kubomolewa, na kila kona ilibandikwa picha za mbuzi wanaocheka, alama ya michezo yenyewe. "Hawa mbuzi wanatucheka sisi," Mama Tusa alikuwa akisema. Kwa wenyeji ilikuwa sikukuu, kwetu ilikuwa msako. Viza za wafanyabiashara ziliacha kuongezwa, na polisi wakasimama kwenye milango ya masoko na vituo vya treni ya chini ya ardhi wakiuliza pasipoti. Viza ya mama ilikuwa imeisha. Ya Mama Tusa pia. Nilikatazwa kwenda popote isipokuwa chini kwa mwenye nyumba, mzee aliyekuwa na mjukuu wa umri wangu, Mei.

Jambo moja nililielewa vizuri, kwa kuwa mama hakunificha. Shamba la bibi lilikuwa limegeuka jinzi. Jinzi zikipanda meli pale bandarini Huangpu, tuna maisha. Mama akikamatwa kabla, mzigo hauna mwenyewe, kila mtu atajichotea, na sisi tutarudishwa nyumbani mikono mitupu. "Mzigo ukishaondoka wanikamate hata mara mbili," alimwambia Mama Tusa. "Kabla ya hapo, sikubali."

Aliyeleta habari ya tiketi ni Papa Jean-Marie, Mkongo wa Lubumbashi, wakala aliyewapakilia watu makontena. Alivaa suruali yenye mkunjo uliosimama hata kwenye joto lile, na kila alilosema alilisema kama tangazo la serikali. Alikuja siku moja na kifuko cha plastiki kimening'inia shingoni.

"Mama Aneth, écoutez, usikie," akasema. Aneth ndiyo mimi. "Bapolisi banatafuta mtu mwenye hana kazi ya kufanya huku. Lakini mgeni wa michezo? Jamais! Ukiwa na tiketi mu shingo, weye ni mgeni wa serikali. Habawezi kukugusa."

"Nani kakwambia?" mama akauliza.

"Bote banajua, maman."

Mama Tusa alikwishasimama. "Zinauzwa wapi?"

Tiketi za kuogelea na za mpira zilikuwa zimegombaniwa na wenyeji. Kilichobaki kwa wingi na kwa bei ya huruma ni mbio za wanaume za BMX, zile baiskeli ndogo za kurukia matuta, ambazo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuzisikia. Basi watu wetu wakazinunua. Ndani ya muda mfupi ungepita Zhongda ukakuta Watanzania na Wakongo wazima, watu wenye familia na heshima zao kanisani, wanabishania bei ya vitambaa huku picha ya baiskeli ya kitoto imewaning'inia kifuani. Mama alinunua mbili, yake na yangu. Yake hakuivua hata wakati wa kupika.

Je, zilifanya kazi? Hakuna aliyewahi kusimamishwa na polisi akaionyesha. Ila kila aliyerudi salama jioni alisema ni tiketi, na hatukusikia kutoka kwa wale ambao hawakurudi. Imani yetu ilisimama hapo, na ilisimama imara.

Mimi sikujua hayo yote. Nilichojua ni kwamba mama yangu anapenda baiskeli. Niliwahi kumsikia muuza zipu aliyemletea mzigo pale chini kwetu akimtania, "Laoban, unapenda sana baiskeli eh?" Laoban ni bosi, na sokoni kila mtu ni bosi. Mama akagusa tiketi na kujibu kwa Kichina chake cha kuungaunga, "Sana, laoban, sana." Nilifurahi mno. Mama hakuwa mtu wa kupenda vitu. Alipenda mizigo ifike, basi. Kusikia kwamba moyoni mwake kuna kitu kama baiskeli kulinifanya nimwone upya, na nikaamua kukipenda na mimi ili tuwe nacho pamoja.

Kwa hiyo nikiwa kwa Mei, nilingoja matangazo ya michezo kwenye televisheni ya babu yake. Yalikuwa yanaonyesha wanaume wanane juu ya kilima, magurudumu ya mbele yameegemea geti la chuma. Geti linadondoka, wanakimbia kama wanaofukuzwa. Hawakuonekana uso. Helmeti zilifunika hadi kidevu, mikono ina glavu, na kila mmoja ana namba mbele ya usukani. Pembeni wamesimama watu wenye bendera wakiwaangalia. Nilikuwa nimeshasikia mama na Mama Tusa wakisema kwamba siku hizi wakiomba viza wanane, anapata mmoja. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Niliona kabisa kwamba hawa ni watu ambao viza zao zimeisha, ndiyo maana wameficha nyuso, na kwamba anayefika wa kwanza ndiye anayeongezewa. Wengine wanarudishwa kwao. Sikumwambia mtu, maana lilikuwa jambo lililo wazi.

Siku ya mbio ilifika, na tiketi ilikuwa na tarehe ya siku hiyo. Kesho yake ingekuwa karatasi tu. Kontena la mama lilikuwa tayari Huangpu, limefungwa. Papa Jean-Marie alikuwa amesema kwamba kesho asubuhi mama atie saini ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe, na meli itaondoka. Ilibaki siku moja ya kujificha. Asubuhi hiyo hiyo mwenye nyumba akagonga mlango.

"Leo wanapita chumba kwa chumba," akasema. "Msiwepo. Hata mtoto asiwepo."

Nilitafsiri mimi. Mama Tusa akaketi kitandani, akaanza kuvaa viatu.

"Mimi nakwenda sokoni," akasema. "Nina tiketi yangu, na vitambaa vyangu havijakamilika. Twende wote."

Mama alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja umeshika kifuko cha shingoni. Kisha akanigeukia. "Aneth, vaa sweta. Tunakwenda kwenye baiskeli."

"Wewe!" Mama Tusa alishtuka. "Kwenyewe? Kule polisi wamejaa kama siafu. Halafu pale mlangoni wanaichana hiyo tiketi. Wakishaichana utabaki na nini?"

"Sokoni nitamwambia polisi nafanya nini? Kule angalau najua nitajibu nini."

"Shauri yako. Mimi yangu haichanwi." Akacheka, akanibana shavu, akatoka na mkoba wake. Kicheko chake kilisikika hadi chini ngazini.

Mimi sikujali nani kasema nini. Nilirukaruka. Nilijua mama angeshindwa kuvumilia, mtu anayependa baiskeli vile.

Uwanja ulikuwa kwenye kisiwa kimoja chenye vyuo vikuu, mwendo mrefu wa treni. Njia nzima mama alinishika kifundo cha mkono badala ya kiganja. Langoni tulipitisha mikoba kwenye mashine, na kijana aliyevaa fulana ya kujitolea akanyoosha mkono apewe tiketi. Mama alichelewa kuitoa. Watu nyuma yetu walianza kuguna. Hatimaye akaitoa kwenye plastiki, kijana akachana pembe yake, akatabasamu, akamrudishia. Mama aliitazama kama mtu aliyepewa nguo ambayo si yake, akairudisha ndani ya kifuko na kukivaa. Hakuna aliyetuuliza pasipoti.

Jua lilikuwa kali na viti vilikuwa vya moto. Njia ya mbio ilikuwa ya udongo mgumu, imejaa matuta na kona zilizoinuka kama ukingo wa karai. Nikachagua mtu wangu mapema. Alikuwa na helmeti ya kijani, na kabla ya kushika usukani alifanya ishara ya msalaba, kama mama afanyavyo kabla ya kupanda treni. Nikajua huyu ni wa kwetu. Tuliwaona wakishindana raundi baada ya raundi, na yeye akawa anapita. Mwishoni walibaki wanane, naye yumo.

Nilisikitika kuona jinsi ilivyo fupi. Miezi nimesubiri, kumbe ni kitu cha muda wa Baba Yetu iliyosaliwa haraka. Taa ziliwaka moja moja, geti likadondoka kwa kishindo, wakashuka wote kwa pamoja wakipiga pedeli hadi baiskeli zinalala kushoto na kulia. Kwenye kona ya kwanza magurudumu mawili yalishikana, na wa kijani akaruka juu ya usukani wake, akaanguka kwa bega. Nilipiga kelele kwa Kiswahili. Alilala kidogo. Wengine walishafika mwisho, mmoja ameshanyoosha mikono. Wa kijani akaamka, akaitazama cheni yake iliyokatika, akaiweka baiskeli begani na kuanza kukimbia kwa miguu, akipanda tuta na kushuka tuta, akichechemea, mpaka kwenye mstari. Hapo watu wote walisimama. Walipiga makofi kuliko walivyompigia yule aliyenyoosha mikono, nami nikaelewa kwamba ndiye aliyekubaliwa.

"Mama! Yule wa kijani amepata?"

"Eeh," mama akasema. Macho yake yalikuwa kwa mlinzi aliyesimama kwenye ngazi.

"Amepata, si ndiyo? Hawamrudishi kwao?"

Hapo ndipo aliponigeukia. "Amepata nini, mwanangu?"

Nikamweleza yote, habari za viza, na nyuso zilizofichwa, na wale wa bendera. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kiganja mdomoni na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anacheka, nikacheka naye.

Kwenye kituo cha treni, wakati wa kurudi, walikuwepo. Polisi wawili, wameweka kamba njiani, wageni wanapitishwa upande wao. Hakukuwa na pa kugeukia bila kuonekana. Aliyetupokea alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua. Akasema neno ambalo hata mama alilijua kwa Kichina: pasipoti.

Mama akainua kifuko cha shingoni. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayeomba, na kwa mara ya kwanza siku ile niliogopa. Polisi akaivuta kamba taratibu, akaisoma tiketi, akagusa kwa kidole mahali ilipochanwa.

"Nani alishinda?" akauliza.

Mama aliyaelewa maneno. Ila aliyeshinda hakumjua. Mchana kutwa alikuwa amekaa kwenye kiti kile, na hakuna alichokiona zaidi ya walinzi. Polisi akasubiri, na yule mwenzake naye akageuka kutazama.

Mimi nilikuwa najua. Nikaanza kumwambia, kwa kile Kichina cha kuchezea na Mei, tena bila kupumzika. Nikamwambia geti lilivyolia. Nikamwonyesha kwa mikono magurudumu yalivyoshikana, na jinsi wa kijani alivyoruka. Nikaweka begani baiskeli isiyokuwepo na kuchechemea mbele yake, tuta hili, tuta lile. Watu walikuwa wanatupita. Yule polisi aliinama ili anisikie vizuri. Alisema kwamba alikuwa zamuni nyuma ya jukwaa tangu asubuhi kabla ya kuletwa hapa kituoni, anasikia makelele na hajaona hata gurudumu.

"Kwa hiyo aliyeshinda ni wa kijani?"

"Ndiye. Wote walisimama."

Alimtazama mama, akamtazama tena kwa muda mrefu, na mimi sijui mpaka leo aliona nini. Labda alichoka, labda zamu ilikuwa inaisha. Aliiachia kamba ya tiketi. "Rafiki mdogo," akaniambia, "mpeleke mama yako nyumbani." Mama alisubiri treni iondoke. Kisha akanikalisha mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa kwa hilo, na moyo wake nikausikia mgongoni mwangu.

Chumbani tulikuta kitanda cha Mama Tusa kimetandikwa kama alivyokiacha. Papa Jean-Marie alikuja jioni bila ile sauti yake ya matangazo. Mama Tusa alikuwa amesimamishwa pale pale mlangoni Zhongda, akaonyesha tiketi yake kwa madaha, nzima kabisa. Polisi alisoma tarehe, akasoma saa. Mbio zinaendelea sasa hivi, akamwambia, na wewe uko hapa. "C'est fini, imekwisha," Papa Jean-Marie akasema. "Bamemubeba." Mama alikaa chini, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akilia hivyo, wala kwa bibi.

Kesho yake alitia saini, na meli ikaondoka. Siku chache baadaye akajipeleka mwenyewe ofisi ya uhamiaji, akaadhibiwa, tukapewa ruhusa ya kuondoka, tukarudi nyumbani. Jinzi zilifika. Vitambaa vya Mama Tusa alivyokuwa amevihifadhi kwa mwenye duka havikufika. Alianza upya Tukuyu na sabuni na nguo za mitumba, na kila Krismasi mama humpelekea gunia la viazi na jinzi moja mpya, saizi ya mtu mnene. Hawaongelei tiketi.

Haya ndiyo niliyokuwa nikiyawaza juzi dukani, kisu mkononi, robota wazi mbele yangu. Nimekuwa mtu mzima, najua sasa kwamba wa kijani alikuwa wa mwisho, na kwamba katika mbio zile makofi hayampi mtu chochote. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, anakunja suruali na kuzipanga kwa saizi. Bila kuinua macho akaniambia, "Unajua mimi siku ile sikuona kitu."

"Najua, mama."

"Watu wananiuliza hapa, baiskeli zilikuwaje, nawajibu zilikuwa nzuri. Yote niliyonayo ni yale uliyomwambia yule polisi, na wewe ulikuwa unakwenda mbio, Kichina chenyewe nusu sikukishika." Akalainisha mkunjo kwa kiganja. "Nisimulie."

Nikavuta kigoda, nikaanza na taa, kisha geti. Mteja aliingia, mama akamwashiria asubiri. Nilipofika kwenye kona ya kwanza, wa kijani yuko chini na wenzake wamekwenda, mama aliacha kukunja.

"Alipata?" akauliza.

"Alipata, mama."